Kukanda Misuli si Anasa Wala Muujiza

Maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa na wataalamu maumivu sugu. Jina hilo halipimi ukali wa maumivu bali ukaidi wake, kwa kuwa maumivu ya aina hiyo huendelea hata baada ya jeraha lililoyaanzisha kupona, na mara nyingi huanza pasipo jeraha lolote linaloweza kuonyeshwa kwa kidole. Mgonjwa hupigwa picha ya eksirei, hupimwa damu, huambiwa kwamba hakuna kilichoonekana, kisha hurudi nyumbani akiwa na bahasha ya vidonge na maumivu yaleyale aliyokwenda nayo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ipo tiba kongwe ambayo hospitali nyingi huiacha pembeni na mitaani hupambwa kwa madai yasiyo na msingi, nayo ni kukandwa misuli kwa mikono ya mtu aliyefunzwa. Hoja ya makala haya ni kwamba tiba hiyo inastahili nafasi rasmi katika matibabu ya maumivu sugu, mradi wanaoitoa waseme ukweli kuhusu inachokiweza na isichokiweza, na mradi isitenganishwe na mazoezi, ambayo ndiyo huidumisha nafuu yake.

Ukubwa wa tatizo lenyewe haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani sehemu iliyo kati ya mbavu za mwisho na matako, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Katika kila wagonjwa 10 wa maumivu hayo, takriban 9 hawana ugonjwa mahususi wa mfupa, wa neva au wa kiungo kingine unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Nyuma ya takwimu hizo wamo watu ambao kila msomaji anawajua: fundi cherehani anayeinamia kitambaa tangu asubuhi hadi jioni, mwanamke anayejitwika ndoo ya lita 20 kutoka kisimani, mpagazi wa sokoni, dereva wa bodaboda na karani asiyeinuka mbele ya kompyuta. Kwa watu hawa mgongo unaouma ni siku ya kazi iliyopotea, na siku ya kazi iliyopotea ni chakula kilichopungua nyumbani.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia kwamba tiba ya mkono si ngeni kwa wasemaji wake. Kitenzi kukanda hutumika kwa unga unaoshindiliwa hadi ulainike na vilevile kwa mwili unaokandamizwa hadi ulegee. Kuchua ni kusugua kwa nguvu, aghalabu kwa mafuta, mahali palipoteguka au palipokaza. Na kusinga ni kuusugua mwili kwa mafuta au manukato. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua, mchezaji wa mpira huchuliwa paja pembeni mwa uwanja, na bibi mwenye baridi yabisi hupakwa mafuta ya karafuu au ya nazi na mjukuu wake. Hata hivyo, lugha hiyohiyo huzaa mkanganyiko katika chumba cha daktari, kwa sababu neno mshipa hubeba maana ya njia ya damu, ya neva, na katika mazungumzo ya kila siku hata ya kano, hivyo mgonjwa anayesema kwamba mshipa umekaza anaweza kuwa na tatizo lolote kati ya hayo matatu. Msuli ni nyama inayojikunja na kulegea ili kuuendesha mwili. Kano ni utepe mgumu unaoufunga msuli kwenye mfupa. Neva ni uzi unaopeleka taarifa kati ya mwili na ubongo. Ukandaji unaojadiliwa hapa hushughulika na msuli, ingawa, kama itakavyoonekana, nafuu yake hupitia zaidi kwenye neva.

Katika tiba ya kisasa ya Ulaya ukandaji ulipata umbo lake la kitaalamu katika karne ya 19, baada ya Pehr Henrik Ling kuanzisha chuo cha mazoezi ya viungo jijini Stockholm mwaka 1813, na baada ya daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, kuupanga katika mitindo inayofundishwa hadi leo, kama vile kupapasa, kukamua na kusugua. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala wa sasa lilitokea London mwaka 1894, wakati ambapo jina la ukandaji lilikuwa limechafuliwa na nyumba zilizofanya biashara ya ngono kwa kisingizio cha tiba. Wanawake wanne, miongoni mwao Rosalind Paget, waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani, wakakataza mwanachama kumkanda mtu bila maelekezo ya daktari, wakawazuia wanachama kujitangaza ovyo na kuwauzia wagonjwa dawa. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na ndicho kilichokua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa njia ya mikono na mazoezi, ilipata heshima yake nchini humo kwa sababu wakandaji wenyewe walikubali kupimwa.

Katika karne ya 20, miongoni mwa waliofanya kazi kubwa kuonyesha kwamba msuli waweza kuwa makao ya maumivu sugu ni daktari Mmarekani Janet Travell, aliyezaliwa mwaka 1901. Mwaka 1955 alianza kumtibu seneta John F. Kennedy, ambaye mgongo wake ulikuwa umekwisha kupasuliwa zaidi ya mara moja bila kupata nafuu ya kudumu. Alimdunga prokaini, ambayo ni dawa ya ganzi, ndani ya misuli iliyokaza, akamshauri pia kukalia kiti cha kubembea. Kennedy alipoapishwa kuwa Rais mwaka 1961, Travell akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa Rais wa Marekani. Pamoja na David Simons alichapisha mwaka 1983 juzuu ya kwanza ya kitabu kilichoieneza duniani dhana ya nukta chochezi, yaani sehemu ndogo ndani ya ukanda wa msuli uliokaza, ambayo huuma inapobonyezwa na kupeleka maumivu mbali na mahali ilipo. Kwa mujibu wa michoro ya kitabu hicho, msuli wa trapezi, ule mpana unaotanda kutoka kisogoni hadi begani, unaweza kuleta maumivu ya panja. Msuli mdogo wa tako unaweza kupeleka maumivu hadi kwenye kifundo cha mguu, kiasi cha kudhaniwa kuwa neva ya mguu imebanwa. Na msuli uliolala juu ya kombe la bega unaweza kuumiza sehemu ya mbele ya bega. Somo lake kubwa ni kwamba panapouma si lazima pawe ndipo penye tatizo.

Kazi yenyewe, ikifanywa kwa ustadi, haina pupa. Mgonjwa mwenye maumivu ya shingo hulazwa kifudifudi, uso ukiwa umeelekea chini ili shingo isipindwe, na mkandaji huanza kwa kiganja kizima chenye mafuta kidogo, akipapasa kutoka kisogoni hadi begani mpaka ngozi izoee mguso wake. Kisha hushika ukingo wa juu wa trapezi kwa dole gumba na vidole viwili, mfano wa mtu anayepima unene wa kitambaa dukani, akiuvingirisha polepole hadi akutane na kitu kigumu kinachoteleza chini ya kidole kama kamba iliyovutwa. Akipabonyeza panapouma zaidi, mgonjwa mara nyingi hutamka kwamba maumivu yamepanda hadi kwenye panja, na kwamba hayo ndiyo anayoyajua kila siku. Hapo mkandaji stadi haongezi nguvu. Humwomba mgonjwa ayape maumivu alama kati ya 0 na 10, hukiweka kidole kwenye kiwango cha 5 au 6, hutulia hapo kwa nusu dakika hadi dakika moja na nusu, akisubiri pumzi irefuke na alama zishuke, kisha hulegeza mkono na kumtaka mgonjwa aigeuze shingo mwenyewe, kulia na kushoto. Mgonjwa anayekunja ngumi au kuzuia pumzi anatoa habari kwamba mkono umezidi, kwa maana msuli unaojihami haulegei.

Uaminifu wa kitaalamu unadai isemwe wazi kwamba nadharia ya Travell na Simons ingali na ubishi. Wataalamu wawili wakimpima mgonjwa mmoja bila kushauriana, mara nyingi hutofautiana kuhusu mahali nukta ilipo, na mwaka 2015 John Quintner, Geoffrey Bove na Milton Cohen waliandika kwamba dhana ya nukta chochezi kama chanzo cha maumivu haina ushahidi wa kuitosheleza, wakapendekeza kwamba maumivu hayo yatafutiwe maelezo katika neva. Kwa upande mwingine, Jay Shah na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walivuta majimaji kutoka ndani ya nukta hizo kwa sindano nyembamba sana, wakakuta humo kemikali za maumivu kwa wingi kuliko katika misuli isiyouma. Ubishi huo ni wa haki na haujafungwa, lakini haumzuii mgonjwa kutibiwa, kwa sababu kujua kama tiba inaleta nafuu ni jambo moja na kujua kwa nini inaleta nafuu ni jambo jingine.

Maelezo yenye nguvu zaidi kwa sasa ni kwamba mkono huufikia msuli lakini hutuliza mfumo mzima wa neva. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia ya lango, inayosema kwamba ndani ya uti wa mgongo taarifa za maumivu hupita mahali panapoweza kubanwa au kuachiwa, na kwamba taarifa za mguso zinazofika hapo hupunguza zile za maumivu zinazoendelea hadi ubongoni; ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba neva za uti wa mgongo zikichokozwa kwa muda huongeza usikivu wake, hali inayosaidia kueleza kwa nini mgonjwa wa maumivu sugu huumizwa na mguso ambao mwingine asingeujali. Mwili wa mgonjwa huyo umekuwa kama mlinzi anayepiga yowe kila jani linapodondoka, na mguso wa taratibu, usiotisha, unaorudiwa kwa utulivu, humpa mlinzi huyo sababu ya kuketi.

Maelezo hayo yanaangusha madai mengi yanayotumika kuwavutia wateja. Mkandaji anayesema kwamba anapasua mafundo, anatoa sumu mwilini au anakamua asidi kutoka kwenye misuli anasema jambo ambalo hana ushahidi nalo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwafanyisha vijana 11 mazoezi makali, wakamkanda kila mmoja mguu mmoja kwa dakika 10, kisha wakalinganisha vipande vidogo vya misuli kutoka miguu yote miwili. Mguu uliokandwa ulionyesha dalili pungufu za uvimbe wa ndani, lakini kiwango cha lakteti, kemikali ambayo wengi huilaumu kwa misuli kuuma, hakikuwa na tofauti. Madai ya uongo yana madhara mawili: humfanya mgonjwa auone mwili wake kama gari bovu ambalo sharti lirudishwe gereji kila wiki, na humfanya mkandaji aamini kwamba mgonjwa asiyelia hajatibiwa.

Imani hiyo ya pili ilipata jibu mwaka 2011, wakati Daniel Cherkin na wenzake huko Seattle walipochapisha matokeo ya utafiti wa watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 3: la kwanza lilikandwa kwa mbinu za kina zilizolenga misuli na viungo vilivyodhaniwa kuwa chanzo, la pili lilikandwa kwa mtindo wa kawaida wa kuburudisha mwili, na la tatu liliendelea na matibabu yake ya siku zote. Baada ya wiki 10, makundi mawili yaliyokandwa yalikuwa na nafuu zaidi kuliko la tatu, na hayakuwa na tofauti ya maana kati yao. Baada ya mwaka 1, hata hivyo, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imefifia. Mapitio ya Cochrane, ambao ni mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti nyingi za tiba kwa pamoja, yalikusanya mwaka 2015 tafiti 25 zenye washiriki 3,096 na kuonyesha kwamba ukandaji waweza kupunguza maumivu ya mgongo kwa muda mfupi, ila ushahidi wenyewe ni dhaifu. Sehemu ya udhaifu huo haiepukiki, maana kidonge kisicho na dawa kinaweza kufananishwa na chenye dawa, lakini hakuna namna ya kumficha mgonjwa kwamba amekandwa au hakukandwa.

Kwa kuupima ushahidi wa aina hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa Desemba 2023 mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya mgongo wa chini katika huduma za afya za msingi na za jamii. Ukandaji umo kati ya tiba zilizopendekezwa kwa masharti, sambamba na mazoezi, elimu kwa mgonjwa, tiba ya kisaikolojia na dawa za kupunguza uvimbe. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni zimo kati ya zile ambazo mwongozo hauzipendekezi. Kwa hiyo tiba ambayo wengi huihesabu kuwa starehe ya mahoteli imewekwa na shirika hilo mahali pa juu kuliko mkanda unaofungwa kiunoni kwa matumaini makubwa.

Kufifia kwa nafuu baada ya mwaka ndiko kunakoonyesha mahali pa mazoezi. Mwenye maumivu sugu huogopa kuinama. Akiacha kuinama, misuli ya mgongo na mapaja hudhoofika. Ikidhoofika, hata kazi ndogo huuma, na woga huongezeka. Mkono wa mkandaji huukata mzunguko huo kwa saa au siku chache, na thamani ya saa hizo hutegemea mgonjwa anachofanya nazo. Akizitumia kulala, maumivu yatarudi yalivyokuwa. Akizitumia kutembea, kuinuka kitini mara 10 bila kushika kitu, kuinua mzigo mwepesi na kuuongeza kidogo kila wiki, mwili hujifunza upya kwamba mwendo si hatari. Mkandaji ambaye humwachia mgonjwa miadi ijayo bila zoezi la kufanya nyumbani amefanya nusu ya kazi na kutoza malipo ya kazi nzima.

Ipo pia mipaka ambayo kuivuka ni kuhatarisha maisha. Mguu mmoja uliovimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza mwaka 1779, na ambao unatibika kwa dawa lakini hupoozesha miguu ukicheleweshwa. Kushindwa kuuzuia mkojo, ganzi kati ya mapaja, miguu inayokosa nguvu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka na maumivu ya mtu aliyewahi kuwa na saratani ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kabla mkono wowote haujagusa mgongo. Maji ya moto anayokandwa nayo mzazi nayo yana kipimo chake, kwa kuwa ngozi iliyobabuka si dalili ya tiba iliyokolea.

Msingi wa kuijenga huduma hii upo. Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia ya mwaka 2014 iliyounda baraza la kuwasajili na kuwasimamia, na Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliyounda baraza lake. Mataifa mengine yamekwenda mbali zaidi katika kuuheshimu ufundi huu: nchini Japani wasioona wamefunzwa kukanda tangu karne ya 17, enzi za Sugiyama Waichi ambaye mwenyewe hakuwa akiona, na ukandaji wa jadi wa Thailand uliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kinachotakiwa Afrika Mashariki ni kumfikisha mtaalamu wa fiziotherapia hadi kwenye kituo cha afya badala ya kumngojea mgonjwa mjini, kuwapa wakandaji wa mitaani na wakunga wa jadi mafunzo mafupi ya kutambua dalili za hatari na mahali pa kumpeleka mgonjwa, na kuitaka bima ya afya ilipie vipindi vichache vya kukandwa vinavyoambatana na mazoezi, kama inavyolipia vidonge.

Wakati hayo yakisubiriwa, mgonjwa hana budi kujilinda kwa maswali matatu kabla ya kulala kitandani pa mkandaji yeyote: amefunzwa wapi, ni dalili gani zitakazomfanya akatae kukanda, na ni zoezi gani atakaloliacha mikononi mwa mgonjwa ili baada ya wiki chache asimhitaji tena. Mkandaji anayeyajibu maswali hayo bila kusita anastahili kuaminiwa na kulipwa. Anayeyakwepa, mgonjwa na achukue viatu vyake aondoke.